Mjukuu wa Omukama na Riwaya Isiyo na Haraka

Aniceti Kitereza alikuwa mjukuu wa mfalme. Babu yake, Omukama Machunda, alitawala Ukerewe kabla Mzungu yeyote hajakanyaga kisiwani. Kitereza alizaliwa 1896, mwaka mmoja tu baada ya Wajerumani kumng'oa Omukama Rukonge na kumkalisha Mukaka, na akalelewa kwenye boma la huyohuyo Mukaka. Sasa mtu wa namna hiyo ukisikia ameandika riwaya ya juzuu mbili, kurasa 600 hivi, unajiandaa kukutana na ngoma za kifalme na ndugu wanaoviziana usiku kwa ajili ya kiti. Unafungua kitabu. Unamkuta mkulima ambaye wakwe zake wamekuja kumchukua binti yao kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga kwamba hazai.

Jina la kitabu ni refu kama chenyewe: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa wamelisikia. Waliokisoma mpaka mwisho ni wachache sana, na sikuwashangaa kamwe, kwa sababu ni kitabu kigumu. Ninataka kueleza ugumu huo unatoka wapi, maana nimeishi nao muda mrefu, na nimegundua kwamba una undugu na ugumu wa riwaya nyingine mbili ambazo watu huzifunga ukurasa wa kumi na kusema, "Hiki kimeandikiwa maprofesa."

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Msukuma niliyeolewa Ukerewe, na makazi yangu ni Kigongo, upande wa Misungwi. Shule niliyofundisha ilikuwa ng'ambo, upande wa Sengerema, kwa hiyo maisha yangu ya kazi yalipita foleni ya kivuko. Aliyewahi kupita Kigongo enzi za MV Sengerema na MV Misungwi anaijua foleni hiyo: malori ya ng'ombe, mabasi ya Geita na Bukoba, akina mama wenye beseni za sato wa kukaanga wakipita dirisha kwa dirisha, na wewe huna la kufanya. Kulikuwa na siku nilisoma sura nzima kabla kivuko hakijarudi kutoka Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la kilomita 3 likafunguliwa, na kijana wa bodaboda anakuvusha Ghuba ya Mwanza kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani. Nafurahi; nilishaona wagonjwa wakisubiri kwenye foleni ile, na hakuna riwaya inayolipia jambo hilo. Ila vitabu vya aina hii vilinufaika na sehemu ambayo msomaji hawezi kuondoka.

Nirudi kwa Kitereza. Alisoma misheni ya Kagunguli, akapelekwa seminari ya Rubya huko Bukoba, akajifunza Kilatini na Kijerumani pamoja na lugha nyingine. Upadri hakuufikia. Alirudi kisiwani akamwoa Anna Katura mwaka 1919, na watoto waliowazaa wakafa wote wangali wadogo. Ukishajua hilo, habari ya Bugonoka anayetafutiwa dawa kwa mganga Kibuguma ili apate mtoto huisomi tena kama hadithi ya mila. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Padri Almas Simard, Mkanada wa shirika la White Fathers aliyemtia moyo, aliuchukua mswada akitumaini utatafsiriwa kwao, lakini haikuwezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika Ukerewe kwa utafiti wa historia, wakamshauri autafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ili upate mchapishaji. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Akakaa, akaanza upya, ukurasa kwa ukurasa. Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980, na Kitereza akafariki 1981 bila kukishika kitabu kikiwa kimechapwa.

Sasa ugumu. Kwa Kitereza hakuna mtu anayepita njiani bila kusalimiana, na kila salamu imeandikwa, na majibu yake, na habari za watoto, mifugo na mvua. Mgeni akifika, unamwona anavyokaribishwa, anavyopewa pa kukaa, anavyonawa, anavyokula, anavyoaga, anavyosindikizwa. Msomaji aliyezoea hadithi inayokimbia anahisi ameshikwa mkono na mzee asiyejua kuaga. Wanafunzi wangu walikuwa wakiruka kurasa. Mimi nilikuwa nikiruka kwa ustadi zaidi, kwa sababu nilikuwa mwalimu.

Aliyenionyesha namna ya kukisoma ni marehemu mama mkwe wangu, aliyekuja kukaa kwetu Kigongo uzeeni. Kusoma alikuwa hajui. Jioni alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo, mimi namsomea kwa sauti. Tulifika pale Myombekere anapojikaza kwenda kwa wakwe kumwomba mkewe arudi. Ni safari ya aibu, na wakwe wanajua ni ya aibu. Nikaona salamu zinaanza kuwa ndefu, nikateremka mistari michache chini bila kubadili sauti. Mama akaacha dagaa.

"Mwanangu, umeruka."

"Nimeruka nini, mama?"

"Hawajaulizana habari za ng'ombe. Mtu hawezi kufika kwa mkwe wake akaketi, akasema shida yake, na ng'ombe hawajaulizwa. Rudi juu."

Nikarudi juu, na mambo ya kuulizana yalikuwepo pale nilipopaacha. Kilichofuata ndicho kilichonifundisha. Wakati nasoma salamu ileile niliyoiona kuwa kujaza karatasi, mama alikuwa akicheka chinichini, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Huyu mzee Namwero anajua anachofanya. Anamtia adabu." Kwake salamu ilikuwa ndiyo ugomvi wenyewe. Kila swali la heshima lilikuwa linamchelewesha mkwe kusema kilichomleta, na kumchelewesha ndiko kumtoza. Baadaye wakwe wakatamka faini ya pombe ya ndizi, na mama akasema pale pale kwamba amesamehewa mapema mno, faini ya pombe ni kama ruhusa. Mimi nilikuwa bado nafikiri hadithi haijaanza.

Na pombe yenyewe! Kitereza haachi hatua. Mama alikuwa akimkagua kama mkaguzi wa shule: ndizi zimezikwa shimoni siku ngapi, zimekamuliwa kwa majani gani, mtama umekaangwa kabla ya kusagwa au la. Aliridhika. Mara chache alisema, "Kwetu sisi tulifanya hivi," akaeleza tofauti, na nikajua kwamba nina mbele yangu mtu wa mwisho nyumbani mwetu anayeweza kugombana na kitabu hiki kwa haki.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza babu wa mwandishi ameenda wapi. Mjukuu wa Machunda anajua kila kitu cha ikulu. Utotoni alikuwa ndani. Lakini hadithi yake imewekwa zamani, kabla Wazungu hawajaingia, na utawala umekaa pembeni, kama jua linavyokuwepo bila mtu kulitazama. Anayeandika ni mtu wa 1945. Wakati huo watawala wa Ukerewe wa ukoo wake, Wasilanga, walikuwa wakikusanya kodi ya Waingereza. Omukama aliyekuwa madarakani wakati kitabu kinakamilika, Michael Lukumbuzya, ndiye aliyekuja kuona uchifu wenyewe ukifutwa kwa sheria mwaka 1963, naye baadaye akaiwakilisha Tanzania nje kama balozi. Nyumba yao ya ghorofa pale Bukindo bado inaonyeshwa wageni. Hayo yote, anguko lote la ukoo mkubwa, Kitereza aliyaona kwa macho na hakuandika hata sura moja juu yake.

Mimi nasema aliyaandika. Mtu ambaye nyumba yao iko salama haorodheshi kila mtungi na kila salamu. Haoni sababu; vitakuwepo kesho. Anayeorodhesha ni yule aliyeshaona vinabebwa. Urefu unaotuchosha ndio anguko lenyewe likisimuliwa kwa njia ya heshima, na ndiyo maana ukiruka salamu ukaenda kwenye "matukio" unakuwa umeruka jambo lililomfanya aandike.

Kabatini mwa shule niliyofundisha kulikuwa na vitabu vilivyoachwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani. Kimojawapo kilikuwa *The Sound and the Fury* cha William Faulkner, cha mwaka 1929. Kiliandikwa na mtu wa Mississippi, kusini mwa Marekani, na habari yake ni ukoo wa Compson, watu waliokuwa na mashamba na watumwa na vyeo, ambao sasa wamebakiwa na jina na ulevi. Shamba lao la malisho wameliuza ili kijana mkubwa, Quentin, aende Chuo Kikuu cha Harvard. Mzazi yeyote wa Sengerema aliyeuza eneo kwa ajili ya ada anaielewa familia hii kabla ya maelezo mengine. Quentin anajiua mwaka 1910, chuoni, na shamba limeshakuwa uwanja wa gofu wa watu wengine.

Hiki nacho wengi hukifunga ukurasa wa kumi, na sababu ni kwamba anayeanza kusimulia ni Benjy, mwanamume wa miaka 33 ambaye akili yake ni ya mtoto mdogo na hawezi kusema. Kwake hakuna jana wala leo. Nguo ikinasa kwenye msumari wa uzio, papo hapo yuko utotoni, siku nyingine iliponasa hivyohivyo, na mwandishi hakuambii kwamba miaka zaidi ya 20 imerudi nyuma. Unadhani ni sentensi inayofuata, kumbe ni enzi nyingine kabisa ya maisha yao.

Ufunguo nilioupata niliupata kwa kuangalia wafanyakazi. Benjy lazima awe na mtu wa kumchunga, na wachungaji walibadilika kadiri alivyokua. Anayemchunga akiwa Versh, yuko mtoto. Akiwa T.P., ni kijana. Akiwa Luster, tuko "leo", Aprili 1928, Pasaka. Wote watatu ni wa familia ya Weusi wanaowatumikia Compson. Ukimjua anayemshika mkono, umejua mwaka. Kwa hiyo kalenda ya mabwana inashikwa na watumishi, jambo ambalo Faulkner halitangazi, lakini sehemu ya mwisho ya kitabu anaiegemeza kwa Dilsey, mpishi mzee, ambaye ndiye peke yake anayeiona nyumba ile kuanzia mwanzo hadi mwisho na bado anawasha jiko asubuhi. Nilimsimulia mama mkwe habari yote kwa Kiswahili, jioni mbili tatu, na Benjy na shamba na yule dada yao Caddy ambaye kila kaka anamlilia kwa namna yake. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Na huyo mpishi walimlipa?"

Wanaosoma riwaya hizi za kimajaribio kwa Kiswahili hawana haja ya kwenda Mississippi, maana bwana wetu yuko palepale Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, mwaka mmoja kabla Kitereza hajamaliza mswada wake, kisiwa kilekile. Alisoma Seminari ya Nyegezi, ambayo unaipita ukitoka huku Kigongo kwenda Mwanza mjini. Akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akapata udaktari Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kufasiri fasihi. Baadaye alifundisha Botswana, na alifariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika* ya 1971, hadi leo binti wa kidato cha tatu anaimaliza kwa usiku mmoja na kulia. Kisha mtu yuleyule, mwaka 1990, akatoa *Nagona*.

Kitabu chembamba. Ndiyo hila yake. Unakinunua ukidhani utakimaliza kwenye basi. Yupo msimuliaji anayesafiri, hujui anatoka wapi. Kuna mji wa magofu na ukimya. Kuna wanafikra wakubwa wa dunia, akina Plato, Darwin na Nietzsche, wanaokutwa humo kama wazee wa baraza waliosahauliwa. Kuna kiumbe Nagona anayefuatwa na hashikiki, na mwishoni kuna ngoma kuu na matumaini ya mkombozi mwingine kuzaliwa. Ukiuliza "halafu ikawaje?" kitabu kinakunyamazia. Walimu wenzangu walikuwa wakikirudisha maktaba kwa hasira, na mmoja aliniambia Kezilahabi amesoma mno.

Mimi nadhani wanafunzi walio wakali zaidi kwa *Nagona* ni wale tuliowafundisha kwamba kila riwaya ina mwanzo, kati na mwisho, tena kwa kuchora mstari ubaoni. Mzee wa kisiwani aliyekulia kwenye hadithi za paa anayezungumza na za mtu anayetoweka mlimani hasumbuki. Nilipowasomea kwa sauti watoto wa jirani sehemu ya safari, hawakuuliza inamaanisha nini. Waliuliza kama yule mtu atamfikia. Nikawaambia nisubirini. Hilo ndilo swali sahihi kwa kitabu hiki, na linatosha kukuvusha kurasa zote, halafu maswali ya maana yanakuja yenyewe wakati wa kurudia. Kwa sababu *Nagona* ni lazima irudiwe. Mwendelezo wake, *Mzingile* wa 1991, mimi unanichosha. Naona falsafa imekaa juu ya hadithi mpaka hadithi inahema. Wapo wanaoupenda kuliko wa kwanza.

Anayetaka kumfikia Kezilahabi wa *Nagona* asianze na kitabu hicho. Apitie *Rosa Mistika*, aende *Kichwamaji* ya 1974, ambamo Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi nyumbani Ukerewe na kukuta hana mahali pa kuweka elimu yake. Hapo msomaji ataona ukoo ukianza kuoza kwa ndani: watoto wasomi, wazazi wasiowaelewa, uzazi wenyewe kuwa hofu. Akitoka hapo akaingia *Nagona*, magofu hayatamshangaza. Anajua nyumba ilikuwa ya nani.

Kwa hiyo kisiwa kimoja kidogo kimetupa ncha mbili. Mjukuu wa omukama anaandika kana kwamba hakuna kilichoanguka, na ni lazima usikilize salamu zake ndipo usikie kishindo. Kijana wa Namagondo, wa kizazi kilichofuata, anaanzia kwenye kifusi. Faulkner yuko katikati yao, nyumba inaporomoka huku watu wakiwa ndani bado wanagombania viti. Sijui kama kuna mwingine aliyeviweka vitabu hivi rafu moja. Kwangu vimekaa hivyo kwa sababu rafu ni moja.

Namna yangu ya kuvisoma vyote vitatu imekuwa ileile: kwa sauti, kidogo kidogo, na pawepo mtu mwingine wa kukatiza. Kitereza anakatizwa na anayezijua mila. Faulkner nilimkatiza mwenyewe kwa penseli, nikiandika pembeni Versh, T.P., Luster. Kezilahabi anakatizwa na watoto. Anayesoma peke yake kitandani, simu ikiwa kando, atateseka bure na atamlaumu mwandishi.

Juzuu za Kiswahili za Kitereza hazipatikani kirahisi. Ipo tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002, na hiyo inapatikana zaidi, ingawa inauma kumsoma mzee kwa Kiingereza baada ya yeye kujitaabisha kukiweka katika Kiswahili uzeeni. Juzuu yangu ya kwanza iko Busisi, kwa binti niliyemfundisha ambaye sasa naye ni mwalimu. Ameshafika kwenye faini ya pombe. Alinipigia simu juzi kunipinga: anasema Kitereza alimficha babu yake kwa sababu aliona haya, kwamba ukoo ulimkubali Mjerumani akawapangia nani akae kitini, na mtu wa heshima hawezi kuliandika hilo. Nikamwambia mkwe anayeombwa msamaha halisemi kosa, anauliza habari za ng'ombe. Akasema hilo si jibu. Pengine ana haki. Juzuu ya pili atakuja kuichukua mwenyewe Jumamosi, na tutaendelea.